Kidole cha Tano

Nikiri mapema, kabla wanakwaya wangu hawajanitangulia kuisimulia vibaya: ni kweli, mimi ndiye niliyemnyamazisha mgeni rasmi kule Misungwi mbele ya umati mzima, tena kwa wimbo wa kumfukuza Shetani. Naona aibu mpaka leo. Ila nacheka pia, na mkisikia ilivyoishia mtanielewa.

Mchana nauza vipuri vya baiskeli Buzuruga, hapa Mwanza, jioni ni mwalimu wa kwaya. Na nina ugonjwa mmoja tangu sekondari: nikishikwa na wasiwasi, natafuta maneno marefu ya Kiingereza yenye irabu zote tano ndani yake, yaani a, e, i, o na u. Wengine hutafuna kucha, mimi nasaka irabu. Kila irabu mpya nafungua kidole kimoja, na mkono ukifunguka wote moyo unatulia (jaribu na behaviour, au tambourine, hata pneumonia, utaona raha yake). Faida haina, mke wangu ameshaniambia mara nyingi.

Sasa, kwaya yetu ina ngoma kubwa na gitaa la besi lenye spika mbovu, kwa hiyo ukihesabu kwa mdomo hakuna anayekusikia. Nikawafundisha ishara: ngumi inafunguka kidole kwa kidole, cha nne wote wanavuta pumzi, cha tano wimbo unaanza. Tulifanya mazoezi mpaka wakawa hawaniangalii usoni tena, wanaangalia mkono tu, na jambo hilo nilijivunia sana.

Tamasha lile la kushindanisha kwaya kule Misungwi halikuwa la mchezo kwangu. Kila mwaka tulikuwa tunashika mkia, na kabla hatujaondoka Mwanza, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, Mzee Lubinza, aliniita pembeni.

"Mwalimu Shija, tukiwa wa mwisho tena, kwaya anachukua Deusi."

Deusi alikuwa amehamia kanisani kwetu na kinanda chake mwenyewe. (Nampenda Deusi, ila siku ile nilitamani kinanda chake kinyeshewe.) Kwaya ile nimeilea tangu watu wake wanatosha benchi moja, na nilijua nikinyang'anywa sitakuwa na pa kuzipeleka jioni zangu.

Tukapangwa kuimba mwisho. Tumeshapanda jukwaani, sare zimenyooka, mara mshereheshaji anatangaza kwamba mgeni rasmi ana safari, kwa hiyo azungumze kwanza, sisi tubaki hapohapo juani. Mgeni rasmi akasimama na suti yake ya kijivu akaanza, Kiswahili kidogo, Kiingereza kingi, na mimi kwa heshima nimegeuka kuwatazama watu, kwaya iko mgongoni kwangu, mikono nimeiweka nyuma kama mwanafunzi wa paredi, wasiwasi wa Deusi umenishika. Nikajiambia, acha nijiburudishe kidogo na maneno ya mzee huyu. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu.

Akasema development. Vidole viwili, basi, nikakunja ngumi upya. Akasema agriculture. Vinne, na nyuma yangu nikasikia kwaya nzima ikivuta pumzi, nikadhani ni joto. Ndipo akapandisha sauti: "Na sasa ndugu zangu, nije kwenye suala la education."

Mkono ukafunguka wote.

"Imetosha, Shetani, imetosha! Kaa chini, kaa kimya!" Huyo ni Mama Kulwa, kiongozi wa sauti ya kwanza, ambaye hajawahi kuhitaji kipaza sauti maishani mwake, na wenzake wote wakamfuata, na ngoma nayo ikafuata.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikageuka nikapunga mikono yote miwili kuwazuia, nikasahau kwamba kwetu kupunga mikono maana yake ongezeni moto. Wakaongeza. Mama Kulwa ananyoosha kidole mbele kama tulivyofanya mazoezi (kidole cha kumwonyesha Shetani njia), na mbele yake amesimama nani kama si mgeni rasmi. Mzee Lubinza amejifunika uso kwa kofia. Nikaona nimeshaivaa aibu, basi bora niicheze, nikarukia katikati nikawaongoza kwa nguvu zangu zote, sijawahi kuongoza vile kabla wala baadaye.

Umati uliokuwa unasinzia ukaamka. Akina mama wakapiga vigelegele, vumbi likapanda. Mgeni rasmi akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akakaa chini kama alivyoamriwa, na watu wakacheka mpaka wakashikana. Halafu mabega yake yakaanza kucheza yenyewe. Wimbo ulipofika ubeti wa mwisho alikuwa jukwaani na suti yake, anayarudi magoma pamoja na Mama Kulwa.

Tulikuwa wa kwanza. Sisi, wa Buzuruga, washika mkia. Mzee Lubinza alilia bila kuficha, na Deusi akanikumbatia akasema, "Mwalimu, kinanda nitakuja kukupigia wewe."

Nikaitwa kupokea kombe, kwaya imejipanga nyuma yangu. "Shikamoo mzee," nikamwambia mgeni rasmi, "naomba unisamehe."

"Marahaba. Hata mimi ile hotuba ilikuwa imenichosha." Akasogelea kipaza sauti akasema kwa sauti nzito, "Congratulations."

Mkono wa kulia umeshika kombe. Wa kushoto uko nyuma, na wenyewe hauombi ruhusa. O, a, u, i. Vidole vinne, na mgongoni nikaisikia kwaya nzima ikivuta pumzi.

Neno lile halina e. Nilisimama pale nikatafuta mara mbili, namshukuru Mungu, halina. Siku hizi nikipanda jukwaani mkono wangu wa kushoto unashika leso, na siiachii mpaka mgeni rasmi awe ameketi.