Petroli nyuma ya chumba cha sala

Admin, nifiche jina, ila kisa hiki kiweke leo leo, kesho kitakuwa kimechelewa. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, Mkakwa kwa kabila, kwetu ni Ludara kule Koboko, nimeolewa hapa Arua mjini na Mhindi aliyezaliwa hapa hapa. Tuna binti mmoja wa miaka minne. Mume wangu anauza spea za pikipiki, na tunaishi nyuma ya duka pamoja na mama yake.

Mama mkwe alikaa miaka bila kugusa chakula nilichopika. Nikiingia jikoni, yeye anatoka. Sikumjibu vibaya hata mara moja, na wanaonijua wanajua hiyo si tabia yangu, mdomo ninao. Alipozaliwa mjukuu ndipo akalegea. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, ameniita tuandae pamoja Navaratri, sikukuu yao ya kumwabudu mungu mama kwa siku tisa. Tumesugua vyombo vya shaba kwa ndimu na majivu, tumechekecha udongo safi wa kuoteshea shayiri, amenifundisha kusokota pamba iwe utambi. Nilifurahi jamani, nisiwafiche. Nilijiona sasa nimekuwa mtoto wa nyumba ile.

Kitu kikubwa katika ibada hiyo ni taa ya samli. Ikishawashwa haizimwi mpaka siku zote tisa ziishe, wala haiachwi peke yake. Mama hulala chini, pembeni yake, na binti yangu hakubali kulala popote bila bibi yake.

Sasa sikilizeni. Chumba cha sala kimepakana na stoo. Kati yao kuna mlango wa mbao, na chini ya mlango pana upenyo ambao panya anapita bila kuinama. Juzi niliingia stoo kutafuta mkeka, harufu ikanipiga mpaka machozi yakanitoka. Nikafunua turubai. Jerikeni za petroli zimepangwa hadi dirishani, na moja inavuja, sakafu imelowa.

Nilipombana mume wangu alikiri. Ni mafuta ya magendo kutoka ng'ambo ya mpaka, na mnunuzi wake wa Koboko ameogopa kuja kwa sababu barabara imejaa askari. "Hii mafuta iko toka kesho," akaniambia. "Hapana ambia mama, yeye iko na presha. Na kama jirani nasikia, mimi naingia jela. Wewe na mtoto nakula nini?"

Hiyo kesho ilikuja ikapita. Jana usiku nikamwuliza tena, akaniambia niache woga wa kishamba, petroli haijiwashi yenyewe. Nikamwambia, "Baba, mtoto yako iko lala pale!" Akapanda pikipiki akaenda zake.

Woga wa kishamba! Nikiwa msichana kule Koboko niliona kibanda cha muuza petroli kikiungua kwa sababu ya mshumaa mmoja. Hakuna aliyeweza kusogea karibu. Waliokuwa ndani tuliwasikia, halafu tukaacha kuwasikia. Tangu juzi sili nikashiba, na binti yangu akikohoa tu usiku naamka.

Mama mwenyewe hasikii harufu yoyote tangu alipougua sana mwaka jana. Nikajaribu ujanja, nikamwomba tuhamishie ibada sebuleni kwenye hewa. Akaweka chini sahani ya maua. "Mungu mama iko kaa hapa tangu bwana yangu iko hai," akasema. "Sasa wewe nataka toa yeye? Mimi nafikiri wewe nakuwa mtoto yangu." Akalia. Mimi pia nikalia, naye akadhani najuta.

Nikimwambia ukweli, naiogopa presha yake, na mume wangu ameshaapa kwamba siku nitakayofungua mdomo nirudi kwetu bila mtoto. Nikienda polisi, baba wa mwanangu anafungwa. Nikimbeba mwanangu nikakimbilia Ludara, namwacha yule mzee peke yake na moto, mtu ambaye juzi tu ameanza kuniita mwanawe. Najiona mjinga kulia namna hii, lakini nimemzoea, nampenda.

Leo mchana ameniita chumbani, akanipaka rangi nyekundu kwenye paji la uso. Akasema siku hizi mikono yake inatetemeka, na hakuna mwingine anayemwamini. Kesho alfajiri mimi ndiye nitakayewasha taa. Kiberiti amenipa, kiko mfukoni mwangu hapa ninapoandika. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini kabla hakujakucha?