Liste Nyuma ya Mulango Wazi

Nakumbuka siku moja nilitoka mu biro ya deputé, mubunge wetu, nikicheka, nikaenda kudanganya soko nzima bila kujua. Mujukuu wangu, kaa nikuambie, kwa sababu wakubwa wameanza tena kupita na megafoni hapa Rwambuzi, na weye nimekuona na fulana yenye sura ya mumoja wao.

Nilikuwa mama kijana, nauzisha tomate chini, juu ya gunia. Soko mupya ilikuwa inajengwa, yenye meza na mabati. Onorable wetu, deputé mwenyewe, alikuwa anaomba kura. Akapanda juu ya gari, akasema: “Mimi ni transparence. Liste, majina ya wenye kupata meza, nitaibandika mu mulango ya biro yangu, na mulango yenyewe haitafungwa hata siku moja.” Masomo yangu iliishia mwaka wa pili wa shule ya musingi, transparence nilifikiri ni mafuta ya ngozi, kumbe ni uwazi. Lakini nilipiga vigelegele mupaka sauti ikakauka. Ngoma ikilia sana iko karibu kupasuka, wazee walisema. Nani alisikiliza?

Akashinda kura. Meza zikagawanywa. Wakatangaza: liste iko mu mulango, siku tatu, mwenye hataona jina yake alalamike mbele ya siku zile kuisha, kisha basi. Wamama wakanituma mimi, kwa sababu nilikuwa na mudomo. Nikafika. Kweli, mulango iko wazi, imesukumwa mupaka ku ukuta. Sekretere ananichekea vizuri. Karatasi sikuiona, na kuuliza nikaona haya: atajua sijui kusoma. Nikarudi nikawaambia: “Nimeona kwa macho yangu. Mulango iko wazi. Tulieni.”

Siku ya tatu, asubuhi, Koko Dorika, bibi muzee aliyeuzisha samaki ya ziwa pembeni yangu, akaniuliza: “Jina yangu iko namba ngapi?”

Nikaanza kupanga tomate zangu upya.

“Ulisoma karatasi, ao ulisoma meno ya sekretere?”

Nikakubali kwamba karatasi sikuiona.

“Muficha uchi hazai, binti. Weye unaficha ujinga wako, siye wote tutabaki mu matope. Simama.”

Tukaenda, wamama saba, pamoja na Rasheli, muuza chumvi, mwenye alijua kusoma. Koko hakusalimia. Akaangalia ukuta huu, akaangalia ule. Kisha akashika mulango.

“Koko, hiyo haifungwake,” sekretere akasema. “Ni ahadi ya Onorable.”

“Nasikia baridi, mutoto wangu,” akajibu, akaifunga.

Liste ilikuwa pale, mwanangu. Upande wa ndani, ule ulikuwa unabusu ukuta siku zote tatu. Rasheli akasoma kwa sauti. Shemeji ya Onorable, meza ine. Mupishi wake, meza moja. Siye tulioketi miaka yote mu vumbi ya soko ile, hata mumoja. Onorable akasikia jina ya shemeji yake, akatoka chumba ya ndani.

“Wamama, kuna nini?”

“Tunasoma transparence yako,” Koko akasema. “Keti, majina haijaisha.”

Rasheli akaandika malalamiko pale pale, tukatia alama ya kidole mumoja mumoja, na watu walikuwa wamejaa dirishani. Onorable angekataa kwa uso gani? Tukapata meza. Koko walimupa ile ya karibu na choo. Akacheka, akasema hapo kila mutu atapita, samaki itauzika. Mimi yangu niko nayo mupaka leo, na tomate zake zimesomesha mama yako. Kwa hiyo silalamike.

Sasa sikia. Fulana vaa, ni nguo. Kura piga. Lakini mukubwa akikuambia kila kitu iko wazi, mwambie aonyeshe kwa kidole: iko wapi? Mulango wazi ni mbao tu. Kilichoandikwa ndicho kinagawa meza. Kama hujui, sema sijui. Haya ya dakika moja haiui mutu, lakini haya yangu ilikaribia kunyanganya watu saba riziki yao. Na weye unajua kusoma kuliko siye wote. Basi soma kwa sauti, wale hawakusoma wasikie.

Mungu akupe ulimi usiotetemeka mbele ya wakubwa. Na siku utakuwa mukubwa, maana damu yetu si ya kukaa chini, akupe matendo ambayo mutu yeyote anaweza kusoma mbele ya mama yako. Uende na amani, mwanangu.