Delphine Haugen Achagua Bastola

Kwa miaka thelathini na mmoja Delphine Haugen alipeleka barua kwenye mashamba ya ngano ya huku kwetu Montana, maili tisini za barabara ya kokoto kila siku, theluji ianguke au jua liwake. Watu wengi wanamjua kwa hilo. Sisi tuliokua naye tunamjua kwa jambo jingine: Delphine alikuwa na shabaha.

Kila mwaka mwishoni mwa Mei klabu yetu ya kulenga shabaha hufanya mashindano ya sahani. Sahani sita za chuma husimamishwa juu ya boriti, mbali kidogo na mpigaji. Kengele ikilia unapiga, sahani inaanguka, na saa inakuhesabia mpaka ya mwisho ilale. Delphine alianza kushinda akiwa na miaka kumi na tisa. Alitumia bastola nzito ya marehemu baba yake, na alizilaza zile sahani kama mtu anayezima mishumaa ya keki.

Kisha macho yakaanza kumchezea. Bastola ya zamani inataka uone vitu vitatu kwa pamoja: kilengeo cha nyuma, kilengeo cha mbele, na ile sahani kule. Delphine alikuwa anaiona sahani vizuri kabisa, lakini kilengeo cha mbele kilishageuka ukungu. Mwaka juzi, akiwa na miaka sitini na mitatu, aliangusha sahani mbili tu kati ya sita. Bud Lokken, mzee mwenye mdomo kuliko wote klabuni na mshindi wa siku ile, akapaza sauti watu wote wasikie:

"Bi Posta! Hizo nne umezituma kwa anwani gani?"

Watu walicheka. Delphine naye alicheka. Lakini alipofika nyumbani aliifungia bastola ya baba yake kabatini, na mwaka uliofuata alikuja mashindanoni kuuza pai za rubabu, yale mashina mekundu machachu ya bustanini. Mimi nilikaa naye pale mezani. Kila bunduki ilipolia alikuwa anapepesa macho, halafu anajifanya anapanga vijiko.

Basi mwaka huu, Aprili, nikiwa jikoni shuleni ninakopika nageuza chapati za maji za watoto, simu ikalia. Alikuwa Delphine.

"Twyla, vua aproni."

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimetoka kwa daktari wa macho. Anasema macho yangu ya mbali ni mazima kabisa, ya karibu ndiyo yamechoka. Na yeye ni mwindaji wa bata, shoga, kaniuliza kwa nini sitafuti bastola ya kufunga nukta, kile kioo kidogo chenye taa ndani. Unaiweka nukta nyekundu juu ya shabaha, basi, hutafuti kingine. Nakuja kukuchukua saa nane."

Saa nane kasoro alikuwa nje anapiga honi.

Duka la silaha la mji wetu analiendesha Merritt Ostby, baba wa watoto watatu, mtu mwenye subira kama ng'ombe. Delphine alimpelekea barua tangu yuko kwenye nepi. Alipotuona tunaingia mbiombio alijua lipo jambo.

"Karibuni, mama zangu. Nani kawakosea?"

"Nataka bastola," Delphine akasema. "Nusu otomatiki, milimita tisa, isiwe kubwa wala isiwe kibiriti. Na iwe imechongwa tayari juu kwa ajili ya nukta. Sitaki kuipeleka kwa fundi ikakae miezi mitatu."

Merritt akatoa kwanza kibastola kidogo cha rangi ya zambarau. Sijui alikuwa anafikiria nini.

"Merritt Ostby," Delphine akasema taratibu, "najua majarida yote uliyokuwa unaagiza ukiwa na miaka kumi na sita. Nianze kuyataja?"

Masikio ya Merritt yakawa mekundu. Ile ya zambarau ikarudi kabatini haraka, na mimi nikalazimika kugeuka ukutani nicheke.

Sasa kazi ikaanza kweli. Merritt alipanga bastola tatu juu ya kitambaa. Kila moja aliifungua, akaonyesha kwamba haina risasi, ndipo akamkabidhi Delphine, na Delphine naye akachungulia mwenyewe kabla ya kuishika. Ya kwanza ilikuwa fupi mno: kidole chake kidogo kilibaki kinaning'inia hewani. "Hii itarukaruka mkononi kama chura," akasema. Ya pili ilimjaa vizuri, lakini kuikoki ilikuwa vita. Vidole vyake vina baridi yabisi ya kupanga barua alfajiri za Januari. Alivuta kile chuma cha juu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kikarudi nusu.

"Naweza," akasema.

"Unaweza mara moja," nikamwambia. "Siku ya mashindano utakoki mara ngapi?"

Akaiweka chini bila kubishana, na hilo kwa Delphine si jambo dogo.

Ya tatu ilikuwa ya ukubwa wa kati, nyeusi, haina mapambo. Vidole vyote vikapata mahali. Merritt akabadilisha kipande cha nyuma cha mshiko, akaweka chembamba, na kidole cha Delphine kikafika kwenye triga bila kujinyoosha. Akakoki. Chuma kikarudi laini kama droo iliyopakwa nta. Akakoki tena. Akanitazama, uso umeanza kuwaka.

"Chini ya mtutu ina reli," Merritt akasema, "ukitaka kufunga taa."

"Yupo kicheche anayenisumbua bandani kwa kuku. Taa itafaa. Na juu?"

Merritt akafungua skrubu mbili, akaondoa kifuniko kidogo, na pale juu pakaonekana kidimbwi kilichochongwa sawasawa. "Nukta inakaa hapa. Ila usinunue yoyote utakayoiona mtandaoni. Kila kampuni ina matundu yake, na isipolingana na ya bastola yako italegea. Hii hapa inalingana."

Akaifunga, akaiwasha. Delphine akaielekeza kwenye ukuta wa mbao kule mwisho wa duka, akatazama. Nikaona mabega yake yanashuka.

"Merritt. Hii si nukta. Hii ni nyanya iliyokanyagwa."

Delphine akashusha bastola, akaanza kutafuta funguo za gari mfukoni. Nilijua akitoka pale hatarudi.

"Subiri, mama," Merritt akasema. "Jicho lako lina mpindo kidogo, kama la mke wangu, ndiyo maana nukta inatawanyika. Na hii nimeiwasha kwa mwanga mkali wa kutumika kwenye jua la adhuhuri." Akabonyeza kitufe mara tatu, nne. "Usiitazame taa. Tazama ukuta, kwenye ule msumari. Taa iache ikufuate."

Delphine akainua tena. Nikahesabu pumzi zake.

"Twyla," akanong'ona. "Naona msumari. Na nukta iko juu yake. Naviona vyote viwili." Halafu akapiga kelele duka zima likatetemeka: "NAVIONA VYOTE!"

Mteja mmoja aliyekuwa anachagua ndoano za samaki akaangusha boksi zima.

Delphine akajaza fomu, Merritt akapiga simu serikalini kuhakikisha kwamba anaruhusiwa kununua silaha, na katika dakika zile kumi za kusubiri jibu mwanamke huyu mwenye wajukuu wanne hakukaa chini hata mara moja. Jibu lilipokuja, sote watatu tukaenda moja kwa moja kwenye uwanja wa klabu. Risasi za kwanza ziliingia chini kushoto mwa karatasi ya shabaha. Merritt akazungusha skrubu ndogo ya nukta. Risasi tano zilizofuata ungeweza kuzifunika kwa sosa.

Mwezi mzima alifanya mazoezi. Mumewe Lyle, mtu wa maneno kumi kwa siku, aliniambia: "Anakoki bastola tupu mbele ya televisheni. Habari za hali ya hewa sizisikii tena."

Siku ya mashindano Bud Lokken alikuwa tayari amekaa kwenye mkia wa pikapu yake na kahawa. Alipoiona bastola mpya akaangua kicheko.

"Ala! Bi Posta kaleta televisheni! Inashika mpira?"

"Inashika kila kitu isipokuwa mdomo wako," Delphine akajibu. "Huo ni mpana mno."

Mzunguko wa kwanza, sahani sita zikalala. Wa pili, sita. Watu wakaanza kusogea kutoka kwenye meza ya chakula, wengine na soseji mkononi. Mpaka ikabaki fainali, na fainali ilikuwa Delphine na Bud.

Bud alianza. Alipiga sita kwa sekunde saba na nusu, ila sahani ya tano ilimgharimu risasi mbili. Delphine akasimama, akatikisa vidole vyake vigumu, akavaa vizuia sauti masikioni. Kengele ikalia. Pa, pa, pa, pa, pa, pa. Sahani ya sita iliyumba, ikayumba tena, kisha ikaanguka. Sekunde sita nukta moja.

Nilipiga yowe mpaka sauti ikanikauka. Lyle, yule wa maneno kumi, alivua kofia akairusha juu, ikatua kwenye bakuli la saladi ya viazi.

Bud hakucheka wala hakutania. Alingoja watu wapungue, akaja taratibu pale tulipokuwa tunakusanya maganda ya risasi.

"Delphine," akasema kwa sauti ya chini. "Ile nukta. Kweli unaiona?"

"Naiona, Bud."

"Mimi kilengeo cha mbele sijakiona tangu miaka minne iliyopita." Alikuwa anatazama viatu vyake. "Napiga kwa kukumbuka tu. Sijamwambia mtu, hata mke wangu."

Nilifikiri Delphine atamlipa kwa ule utani wake wa anwani. Nafasi ilikuwa mkononi mwake. Lakini alifungua bastola, akachungulia kuhakikisha haina risasi, akamkabidhi.

"Usiitazame taa," akamwambia. "Tazama sahani, uache taa ikufuate."

Mzee akainua mikono, akafumba jicho moja, akafumbua. Akaielekeza kwenye sahani moja baada ya nyingine, mdomo wazi.

"Na risasi unazo?" akauliza hatimaye.

Delphine akamsogezea boksi.