Nyonyo kwa Miguu ya Babu Yao

Wajukuu wangu wote nimewapaka mafuta ya nyonyo tangu wachanga. Ngozi zao zinaonekana, anayebisha aje aangalie. Lakini aliyekuwa akiyamaliza mafuta yangu ni babu yao. Visigino vyake vilipasuka magaga mpaka punje ya mtama inaingia. Kila jioni nilimpaka. Hata tukigombana mchana, jioni miguu aliileta.

Alipofariki, chupa ilikuwa kavu. Kumuuguza kulinifanya nisipike mengine. Nikasema moyoni, huyu haendi kaburini na magaga makavu.

Kwetu mfiwa haingii jikoni. Anakaa mkekani analia, wengine wapike. Mimi nikainuka, nikakaanga mbegu za nyonyo, nikaanza kutwanga. Wifi yangu, dada wa marehemu, akanijia juu.

"Wifi, unataka watu waseme tumekutwisha kazi siku ya msiba?"

"Waseme. Midomo ni yao, mume ni wangu."

"Na jeneza limeshafika!"

"Basi shika mchi, tuwahi."

Akanitazama, akafunga kanga kiunoni, akatwanga huku ananitukana.

Tukauchemsha ule unga kwenye maji, mafuta yakapanda juu, nikayaengua, nikayarudisha motoni maji yakauke. Mwanangu mkubwa, anayechimba dhahabu Rwamgasa, akaja na losheni ya dukani.

"Mayu, hii inatosha. Inanukia vizuri."

"Inanukia harusi. Mpelekee mkeo."

Mafuta yalipopoa nikaingia nayo chumbani, wanaume walikuwa wameshamwosha marehemu na kumvika suti. Soksi bado. Katekista akachungulia mlangoni, akasema padri anasubiri kanisani. Mwanangu akamjibu, "Asubiri kidogo, mama hajamaliza." Akanifunulia shuka miguuni.

Nikapaka visigino, katikati ya vidole, kila ufa. Mguu wa mtu aliye hai hunywa mafuta. Unapaka, kitambo kidogo yamekwisha. Ule haukunywa. Mafuta yalikaa juu yanang'aa, nami nikangoja, nikangoja tena. Hapo ndipo nilipojua amekufa. Asubuhi nilikuwa nalia kwa kufuata wenzangu tu.

Nikayafuta yaliyozidi kwa kanga yangu, nikamvika soksi mwenyewe, moja, nyingine. Nikawaambia, "Mbebeni."