Jina la Ana katika kila ubeti

Kuna siku moja imenirudia, mwanangu, tangu uliponisomea shairi la arusi yako. Shule niliiacha mapema, lakini duka hili la unga hapa Panda nimelijenga mwenyewe, na neno lililowekwa kujaza nafasi nalitambua kama gunia lililochanganywa mchanga. Basi nisikilize.

Nilikuwa kijana, mchimbaji wa kule Kakanda. Nilikuja kwao Ana kumwimbia wimbo nilioutunga ili akubali niwe mume wake. Nilimkuta na bibi yake, nkambo aliyemlea, wakitwanga mihogo katika kinu kimoja, mchi huu ukipanda, ule ukishuka. Nikaanza, nao wakatwanga kwa kunifuata:

Ana, siku ikija na taabu,
nitakujengea jumba kubwa la dhahabu.

Mstari wa pili ulikuwa umejaa kupita kiasi. Michi ikagongana.

“Umetuharibia kazi,” nkambo akasema. “Na ile zahabu, uko nayo?”

“Hapana, nkambo. Niliiweka ili wimbo umalizike muzuri.”

“Ona, hata viatu vyako vinakucheka!”

Vilikuwa vimepasuka mbele, kweli. Ana aliinama, mabega yakitikisika kwa kicheko. Nilitamani kukimbia.

“Mutoto wangu hatalala ndani ya wimbo,” nkambo akaendelea, sauti imelainika. “Sema kitu uko nacho.”

Nilikuwa na nini mimi? Wakaishika michi tena. Nikaimba:

Ana, siku ikija na taabu,
geuka tu, mimi niko karibu.

Michi haikugongana. Ana aliacha kucheka.

Nilipoingia ubeti wa pili, nkambo akanizuia. “Jina umelipeleka wapi?”

“Nimekwisha kulitaja.”

“Mutu unamupenda, unamuita mara moja tu?”

Nikamwita Ana katika kila ubeti, mpaka mwenyewe akaniitikia.

Kwa hiyo, mwanangu, kina kisikulazimishe kuahidi usichonacho. Imba mistari yako huku mikono ikifanya kazi; mikono ikikwama, punguza maneno. Na jina la mchumba wako, ulilolifuta kwa kuogopa kurudia, lirudishe. Ana wangu siku hizi masikio yamechoka. Nikimwimbia, vina havisikii, mistari mingi inampita. Lakini jina lake likirudi, anageuka.

Mungu awape nyumba ya namna hii, mwanangu: mmoja akiita, mwingine ageuke.