Chungwa Nyuma ya Tairi

Kwenye mwinuko wa Mawe Matatu, kabla hujaingia Kinole, kulikuwa na mlio ambao sasa haupo. Haukuwa mlio mkubwa. Ilikuwa ngurumo ya chini ya injini ya dizeli inayopanda bila kukurupuka, sauti moja tangu bondeni mpaka juu, kama mtu mzima anayejisemea. Wanawake waliokuwa wakimenya mihogo hawakuinua hata vichwa. "Yuliana huyo," walisema, wakaendelea. Siku hizi pikapu ile ile ikifika pale inapiga yowe, inazima, inarudi nyuma, inapiga yowe tena, na abiria wanarukia migombani. Kisha kimya. Na katika kimya hicho hakuna anayelitaja jina la Yuliana, maana ukilitaja itabidi utaje na sababu.

Alijifunza gari misheni, akiwa na miaka ishirini na miwili, alipokuwa akifua nguo za mapadri. Dereva wa pale, mzee Tomasi, goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kugoma, naye alihitaji mguu wa kuazima kabla mapadri hawajamgundua. Akauona wa Yuliana. Wiki tatu nzima hakumruhusu kukanyaga mafuta.

"Dizeli ina nguvu hata ukiiacha ingurume tu," alimwambia. "Inua klachi kidogo kidogo, usikilize. Sauti ya injini ikizama na pua ya gari ikijiinua, hapo imeshika. Hapo usiwe na papara. Achia breki ya mkono, ndipo uongeze mafuta, kidogo, kama chumvi."

"Na nikishaondoka?"

"Mguu utoke kwenye pedali. Klachi si kigoda."

Kisha akashuka na goti lake bovu, akaweka chungwa nyuma ya tairi la nyuma, palepale mlimani, akasema, "Ondoka. Ukilikamua, rudi kwenye nguo zako." Yuliana aliyakamua machungwa ya msimu mzima. Msimu uliofuata hakukamua hata moja.

Desturi ile ilitoka misheni ikaingia Kinole, ikabaki hata baada ya Tomasi kuzikwa. Dereva mgeni akitaka kupakia watu, kwanza chungwa. Akilikamua, atabeba ndizi tu. Watu watatembea kwa miguu.

Kwa miaka kumi na moja Yuliana aliendesha pikapu ya Abdulatif, mfanyabiashara wa Morogoro mjini aliyekuwa akinunua ndizi na mdalasini wa milimani. Ilikuwa gari pekee ya kutegemewa kati ya Kinole na Mkuyuni. Alishuka na gia ya kwanza, injini yenyewe ikilishikilia gari, mguu wa kushoto umelala sakafuni. Wanawake wenye uchungu wa uzazi waliomba angojewe yeye. Hakuwa na mali nyingine ya kujivunia. Alikuwa na jina hilo tu: kwamba Yuliana harudi nyuma.

Ikaja harusi ya mpwa wa Abdulatif, Jumamosi, pale pale Kinole. Abdulatif alichukua ufunguo. "Leo pumzika, dada Yuliana. Naendesha mwenyewe." Kitini kando yake aliketi mzee Fidelis, mjomba wa Yuliana, ndugu wa mama yake, mkubwa wa ukoo. Kwao ardhi hufuata upande wa mama, na neno la mjomba hukata shauri ambalo hata baba mzazi hulikwepa.

Jumatatu alfajiri Yuliana alifungua mlango wa gari akakutana na harufu: kali, kavu, kama kwato iliyotupwa motoni. Alimwendea mjomba wake uani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Juzi gari ilikuwaje?"

Fidelis alikuwa akiwatupia kuku mtama. "Gari ilikuwa gari tu," alisema, akawatazama kuku.

Mchana ule ule, wakirudi kutoka Mkuyuni, kwenye Mawe Matatu, injini ilinguruma kwa nguvu, gia imeingia, na gari halikwenda. Kadiri alivyoongeza mafuta ndivyo lilivyozidi kulia na kusimama. Alizima, akaweka jiwe nyuma ya tairi. Gari lilivutwa hadi Mkuyuni, na Godlisten, fundi wa huko, aliposhusha gia boksi alitoa diski ya klachi nyeusi kama mkaa.

"Hii imeshikiliwa nusu nusu muda mrefu," alisema. "Mtu kasimama mlimani bila breki."

Abdulatif, aliyekuwa amefika kununua ndizi, hakumngoja amalize. Ilikuwa siku ya gulio, Mkuyuni imejaa, naye akapaza sauti hadi wauza nyanya wakageuka. "Mwanamke na klachi wapi na wapi! Miaka yote nimemvumilia, leo kaniunguzia gari. Leta ufunguo!"

Yuliana alimpa ufunguo. Aliwatazama watu wa Kinole waliokuwa pale, nusu yao walikula pilau ya harusi ile. Mmoja alifunga vizuri mzigo uliokuwa umeshafungwa. Mwingine aligundua kwamba ana safari. Fidelis alikuwa amekaa juu ya mkungu wake wa ndizi, akikung'uta vumbi kwenye viatu vyake.

Alipanda mlima kwa miguu. Hasira ilipanda pamoja naye, ikawa inamtangulia. Siku kumi alilima shamba la mama yake kama mtu anayelipiga. Usiku hakulia, alisaga meno. Watu walipita njiani wakimwamkia kwa upole wa msibani, na upole ule ulimchoma kuliko tusi, kwa sababu aliyefiwa, mtu wake huwa hakuuawa na hao wanaompa pole.

Alhamisi ya wiki ya pili, gari likarudi na klachi mpya. Abdulatif alilileta na dereva mpya, kijana wa mjini aitwaye Yusuph. Watu walikwisha kujipanga na mikungu yao chini ya Mawe Matatu. Yuliana alisimama katikati ya barabara, machungwa mawili mkononi.

"Bosi, kwanza haya."

"Dada Yuliana, toka njiani. Mambo ya watoto hayo."

"Moja langu, moja lako. Si la Yusuph. Lako."

Abdulatif alicheka, akatafuta wa kucheka naye. Chausiku, mchuuzi wa ndizi asiyejua kunong'ona, alidakia: "Bosi, hapa hata mkwe hapandi bila chungwa. Au tukuchagulie dogo?"

Wakacheka, naye akawa hana pa kutokea.

Yuliana alianza. Alisikiliza injini, akainua mguu hadi sauti ikazama, pua ikajiinua, akaachia breki. Gari lilikwenda mbele kama limeitwa. Chungwa lilibaki pale likiwa zima, na alama ya tairi upande mmoja, kama shavu lililoguswa.

Zamu ya Abdulatif gari lilirudi, likazima, likarudi tena.

"Juisi hiyo!" akasema Chausiku. "Nani kaja na glasi?"

Abdulatif alishuka, jasho kwenye ukosi, lakini hakuwa mtu mbaya kupita kiasi. "Haya. Labda siku ile nililishikilia mno hapa, watu walikuwa wanacheza ngoma mbele ya gari. Chukua ufunguo, dada. Yaishe."

Ufunguo ulikuwa kiganjani mwa Yuliana tayari. Hapo ndipo Fidelis, kwa furaha ya kweli ya mtu aliyeshushiwa mzigo, alicheka na kupiga paja.

"Mimi nilijua! Harufu ile, mama yangu, kama kwato. Nikamwambia hata mke wangu."

Yuliana aligeuka. "Ulijua lini?"

"Palepale. Si nilikuwa ndani?"

"Na pale gulioni?"

"Mwanangu, ndizi zetu nani angezichukua? Sasa si yamekwisha? Umeshinda."

"Umeshinda," watu wakaitikia. "Panda, twende, jua linatoka."

Aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa amewapandisha wote mlima huu, wengine wakiwa tumboni, na hakuna hata mmoja aliyeshikilia jina lake pale liliporudi nyuma. Kumbe Abdulatif alikuwa ameunguza klachi tu.

Akauweka ufunguo mkononi mwa Fidelis, akavikunja vidole vya mzee juu yake.

"Endesha wewe, mjomba. Pua unayo."

Yusuph ndiye aliyeendesha, bila kupimwa. Tangu asubuhi ile hakuna aliyeweka chungwa nyuma ya tairi lolote Kinole.

Yuliana yuko Mikese. Anaendesha lori la kokoto kwenye barabara kuu ya lami, mahali ambapo klachi haina kazi kubwa, na amepanga chumba nyuma ya duka la vipuri.