Aliyetazama Visigino

Siku Lyle Hutto alipomwona Orville Kratz kwa mara ya kwanza, alidhani anaona maiti. Ilikuwa asubuhi ya Oktoba, kwenye uwanja wa mazoezi wa chuo kimoja kidogo huko Alabama, manyunyu yakianguka, na mzee mwenye koti la kijani alikuwa amelala kifudifudi kando ya mstari, kidevu kwenye majani, kofia ameiweka pembeni. Vijana walikuwa wanamruka wakipita. Lyle alikimbia akapiga magoti.

"Mzee! Umeanguka?"

"Nimeanguka wapi? Sogea, unaniziba."

"Unatazama nini?"

"Visigino. Na wewe ni nani, daktari wa mifugo?"

Lyle alijitaja kwa sauti ndogo. Alikuwa mwalimu wa michezo wa sekondari, ana wiki moja tu kazini, na ofisi ilikuwa imemtuma akajifunze uskauti, kazi ya kusaka wachezaji, kwa Bwana Kratz. Mzee alimkagua kuanzia chini, viatu kwanza, halafu akapiga nyasi kwa kiganja. "Lala hapa basi. Hilo shati litafuliwa."

Klabu yao ilikuwa kaskazini, kwenye mji wa kando ya ziwa, na ilikuwa inawalipa kutafuta mtu wa aina moja tu: mvamizi. Katika mpira wa Kimarekani yupo mtu mmoja anayerusha, na timu nzima inaishi kwa mkono wake. Mvamizi anatokea pembeni, anampita mlinzi mnene kama kabati, na anamwangusha yule mrushaji kabla mpira haujamtoka. Ana sekunde mbili na nusu za kufanya hivyo. Watu wa namna hiyo ni wachache, kwa hiyo klabu zinawagombania mara mbili kwa mwaka. Machi zinanunua wachezaji huru, watu wazima waliomaliza mikataba. Aprili zinachagua vijana wa vyuo kwa zamu, raundi saba. Kijana anayeitwa raundi ya kwanza ameula. Anayeitwa ya tatu anaingia akiwa na deni la kujieleza.

Orville alikuwa na miaka sitini na sita, na ishirini na tisa kati ya hiyo aliimaliza barabarani, ndani ya gari, Buick ya rangi ya maziwa iliyonuka karanga za kuchemsha. Mkewe alikuwa amefariki. Alilala kwenye vihoteli vya barabarani, na jambo la kwanza akiingia chumbani lilikuwa kubandika kipande cha boksi la piza kwenye kioo cha kompyuta, kuziba nusu ya juu. Video aliitazama hivyo, miguu mitupu, bila vichwa wala mpira.

"Huyu msimu huu amewaangusha warushaji kumi na tatu," Lyle alisema jioni moja ya mwaka wa kwanza, anasoma karatasi.

"Wanne walijikwaa wenyewe," Orville alijibu huku anamenya karanga. "Watatu waliukumbatia mpira kama wanangoja basi. Wawili walilindwa na mtu mwenye mafua. Haya, hesabu tena, mwalimu."

"Wanabaki wanne."

"Na mmoja wa hao wanne alisukumwa na mwenzake. Mtazame kisigino cha nyuma. Kinainuka kabla mpira haujaondoka? Basi huyo anabahatisha. Akikutana na mlinzi mwenye akili, atachezewa kama paka na uzi."

Lyle alikuwa mtu wa aibu. Mikutanoni alikaa karibu na mlango. Lakini ndani ya ile Buick alizungumza, na mzee alimsikiliza. Huko ndiko alikosimuliwa habari ya simu. Orville naye aliwahi kuwa mvamizi, mtoto wa mfua chuma wa Pennsylvania, na kocha wake alimwapia kwamba klabu fulani itamwita. Mama yake aliwaalika majirani, akapanga mayai ya siki kwenye sahani za wageni, na wote wakakaa siku mbili kuizunguka simu. Ililia mara moja. Ilitoka kwa daktari wa meno, wanamkumbusha mama kung'oa jino.

"Tangu siku ile nikitoa neno langu kwa mtu, limetoka, halirudi," Orville alisema, macho barabarani. Lyle alimwamini. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na hakuwa amewahi kumwamini mtu namna ile.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Mwaka wa nne mzee aliteleza. Machi ile klabu ilimnunua mchezaji huru mmoja mwenye shingo kama gogo, kwa ushauri wa Orville mwenyewe. Jamaa alisaini, akanunua farasi, na tangu mechi za mwanzo akawa anakimbia kama mtu aliyebeba supu. Meneja mkuu alimwita Orville ofisini, mlango ukafungwa. Alipotoka, alimwambia Lyle maneno machache tu: "Nimepewa Aprili moja zaidi."

Vuli hiyo walimpata Tavaris Gaskin.

Alikuwa mrefu, mpole, mwenye visigino ambavyo Orville alivitazama dakika kumi bila kugusa karanga. "Huyu," mzee alisema, "ni wa raundi ya kwanza, na sisi zamu yetu iko mbali. Wataondoka naye." Lakini lilikuwepo shimo. Tavaris alikosa mechi mbili katikati ya msimu, na chuo kilisema ni kifundo cha mguu. Orville alirudisha video nyuma mara nne. "Hakuna kifundo hapa. Nenda kwao, mwalimu. Wewe una uso wa kuaminika."

Lyle alikwenda. Tavaris alilelewa na mama yake mkubwa, Bi Ernestine Mabry, mpishi wa shule ya watoto kwenye mji mdogo wa Alabama wenye taa moja ya barabarani. Mama mzazi, Lorraine, alikuwa amefariki Septemba. Bi Ernestine alimkaribisha jikoni, akamwekea mboga za majani na mkate wa mahindi, na akamvutia kiti kilichokuwa peke yake karibu na dirisha.

"Kaa. Kilikuwa cha mdogo wangu. Hakijakaliwa tangu alipotutoka, lakini wewe unaonekana umechoka."

Alimtazama akila. Alipoona amemaliza, alifuta mikono kwa aproni.

"Umekuja kuuliza zile mechi mbili."

"Ndiyo, mama."

"Yasemwayo hapa yanakwenda wapi?"

"Hayaendi popote. Yanabaki mezani."

Basi akamwambia. Baada ya mazishi Tavaris alishindwa kuamka kitandani. Hakula, hakuoga, hakulia. Bi Ernestine ndiye aliyempeleka hospitali, na kijana akakaa siku kumi na moja kwa watu wanaotibu huzuni. Alitoka, akarudi uwanjani, na tangu hapo hakuwa na tatizo. Chuoni alijua kocha mmoja tu, na yeye hakuambiwa ni siku ngapi wala hospitali gani. "Wakubwa wenu wakisikia hivyo watasema ana kichwa kibovu," alisema. "Mtoto alikuwa anamlilia mama yake, bwana. Hiyo tu."

Lyle aliendesha saa tatu na ule mzigo. Ripoti ilitaka maelezo ya mechi mbili, na hakujua kudanganya kwa maandishi. Alipoingia kwenye Buick siku ya pili, alimwambia Orville kila kitu, mpaka zile siku kumi na moja.

Mzee alimshika begani. "Andika kifundo cha mguu. Haya mengine hayatoki humu garini. Neno langu hilo, mwalimu."

Lyle aliandika kifundo cha mguu. Usiku huo alilala vizuri.

Aprili, Jumatatu ya wiki ya kuchagua vijana, mwandishi mmoja anayejulikana kwa kusikia mambo ya ofisini alitoa habari kwamba mvamizi Gaskin alilazwa siku kumi na moja kwa ugonjwa wa akili, na kwamba klabu kadhaa zina wasiwasi kama anaupenda mpira. Kabla ya saa sita mchana simu ya Lyle ililia.

"Bwana Hutto," alisema Bi Ernestine. Hakupaza sauti. "Zile siku nilimtajia Mungu na wewe tu. Mungu hapigi simu magazetini."

"Mama, si mimi. Naapa..."

"Nilikupa kiti cha Lorraine," alisema, na simu ikakatika.

Lyle alikwenda moja kwa moja kwa Orville. Mzee alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Hospitali zina manesi, mwalimu. Manesi wana waume, na waume wana midomo. Usijiumize." Na Lyle, jambo analolionea aibu mpaka leo, alishukuru. Aliona bora aliyesema awe nesi.

Alhamisi raundi ya kwanza ilipita bila Tavaris. Televisheni ilionyesha sebule ya Bi Ernestine: jamaa wamevaa vizuri, keki haijakatwa, na kijana amekaa katikati anaitazama simu mezani. Ijumaa ikapita raundi ya pili. Lyle alikuwa kwenye chumba cha klabu, kwenye kiti chake karibu na mlango, na hakuweza kuangalia. Ya tatu ilipofika kwao, meneja mkuu alisoma jina la Tavaris Gaskin, na watu wakaruka wakakumbatiana. Wamempata wa raundi ya kwanza kwa bei ya tatu!

"Mshukuruni huyu!" meneja alisema, anampiga Orville mgongoni. "Wiki mbili zilizopita nilimwambia hatutampata kamwe. Akaniambia, tulia bosi, atashuka mpaka ya tatu. Mchawi huyu!"

Watu walicheka. Orville naye alitabasamu, lakini hakugeukia upande wa mlango.

Wiki mbili zilizopita. Habari ilitoka Jumatatu. Wiki mbili zilizopita hakuwepo mtu duniani aliyekuwa na sababu ya kusema Tavaris atashuka.

Lyle alimfuata mpaka kwenye maegesho. Mzee alikuwa ameshaingia kwenye Buick, mlango wazi, na mfuko wa karanga mapajani.

"Ni wewe."

"Ingia, baridi."

"Ni wewe, mzee?"

Orville alimenya karanga, hakuila. "Wangemchukua wengine. Watu wasiomjua, wangemuua kwa mazoezi. Sasa yupo kwetu. Nitamtunza kama mwanangu."

"Na wewe umebaki kazini."

"Na mimi nimebaki kazini. Ndiyo. Nina miaka sabini, mwalimu, niende wapi?"

"Simu haikulia kwao siku nzima ya jana. Wamekaa wanaizunguka."

Hapo mzee aliangalia pembeni. Lyle hakuwa mtu wa kupigana, na hata hasira yake ilitoka kwa sauti ya kuomba. "Sikuombi kitu kingine. Mpigie Bi Ernestine. Mwambie ni wewe, si mimi."

"Ni haki yako. Nitampigia kesho asubuhi."

Jumamosi ikapita. Mei ikapita. Lyle aliandika barua kwenda Alabama, ikarudi haijafunguliwa. Mara mbili aliuliza, na mara mbili mzee alikuwa na neno: mama yule bado ana hasira, acha zipoe.

Agosti vijana wapya walifika kambini. Lyle alisimama kando ya uwanja asubuhi ya kwanza, na Tavaris alimpita karibu kiasi cha kumgusa, macho mbele kama amepita mti. Kijana alikwenda mpaka pale Orville alipokuwa amelala kwenye nyasi, akachuchumaa, akamfuta majani begani.

"Umeamkaje, babu? Mama mkubwa anakusalimia, anashukuru kwa simu yako ya juzi. Anasema Mungu akubariki kwa kunipigania."

"Mwambie nimepokea," alisema Orville.

Lyle alingoja kijana aondoke. Funguo za ofisi alikuwa nazo mkononi tangu nyumbani, maana alishaamua kurudi kufundisha shuleni. Akaziweka kwenye nyasi, mbele ya kile kidevu.

"Kumbe mnaongea naye," alisema. "Hukumwambia."

Mzee hakuinua kichwa. Alikuwa anatazama viatu vya Lyle.

"Nitampigia Jumapili, mwalimu. Akishatoka kanisani."